Anayefungiwa chumba Kisauni leo atalala Mwembe Tayari kesho: serikali iingilie wapi?

Mwanzilishi wa uzi

Asalaam aleikum, na habari zenu wanajukwaa.

Kila idadi ya watu wanaolala nje inapoongezeka hapa Mombasa, iwe Mwembe Tayari, Makupa, kandokando ya soko la Kongowea na kwenye baraza za maduka ya Barabara ya Moi, swali linaloulizwa na viongozi, na mara nyingi na sisi wenyewe, ni namna ya kuwaondoa. Swali hilo huja limechelewa. Wengi wa hao wapya tunaowaona nyakati za dhiki walikuwa na chumba si zamani, na kati ya chumba kile na baraza hii zilipita wiki nyingi ambazo serikali ingeweza kuingilia kwa gharama ndogo, lakini haikufanya hivyo. Nashikilia kwamba uchumi unapoporomoka, kazi ya kwanza ya serikali ni kumbakisha mpangaji ndani ya chumba alichonacho, na nitajaribu kueleza kwa nini, kwa mifano ya hapa kwetu na ya mbali.

Mombasa huishi kwa bandari na hoteli. Mwaka 2019 serikali ya kitaifa ilipoagiza makontena yasafirishwe kwa reli mpya hadi bara, pigo halikuishia kwa madereva wa malori. Lilifika kwa makanika wa Changamwe, kwa wauzaji wa chakula wa Jomvu na Miritini, kwa vibarua wa maghala, na hatimaye kwa wenye nyumba waliokuwa wakiwapangisha watu hao wote. Agizo lile liliondolewa Septemba 2022, ila miaka mitatu ni mirefu sana kwa mtu anayelipa kodi kila mwezi. Katikati ya miaka hiyo likaja janga la korona. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, na kuanzia tarehe 8 Aprili hadi tarehe 7 Julai watu walizuiwa kuingia na kutoka Mombasa. Hoteli zikafunga milango, wahudumu, wapishi na walinzi wakarudishwa nyumbani, wengi wao bila malipo, na nyumbani penyewe palikuwa chumba cha kupanga Kisauni, Mtopanga, Utange au Likoni. Mshahara ulisimama, kodi haikusimama.

Mteremko wa familia kutoka chumbani hadi barabarani una hatua ambazo sote tunazijua. Kwanza huuzwa televisheni na friji. Kisha wanahamia chumba kidogo zaidi, mbali zaidi na stani ya matatu. Mama na watoto hupelekwa kwa jamaa Kilifi, Kwale au bara, na baba hubaki mjini akilala kwa rafiki mmoja wiki hii na kwa mwingine wiki ijayo, mpaka marafiki nao wachoke, maana nao wana mizigo yao. Katika hatua zote hizi hakuna ofisi inayomhesabu mtu huyu kuwa hana makao. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na Mombasa ilikuwa ya pili kwa watu 7,529, nyuma ya Nairobi iliyokuwa na 15,337. Hesabu ile ilitangulia janga la korona, na haikukusudiwa kumfikia aliye sebuleni kwa shemeji yake.

Sasa tutazame serikali hufanya nini. Jibu la kale kuliko yote ni polisi. Uingereza, baada ya vita dhidi ya Napoleon, ilijikuta na askari waliorudi bila kazi wala makao, na Bunge lake likatunga sheria ya uzururaji ya mwaka 1824 iliyofanya kulala nje na kuombaomba kuwa makosa. Mawazo ya sheria ile yalisafirishwa hadi makoloni, yakatumiwa kuwazuia Waafrika kuingia na kukaa mijini wasipohitajika kufanya kazi. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997, lakini kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu, kinachozungumzia watu wavivu na wasio na utaratibu, kilibaki, na muombaji anaweza bado kukamatwa kwa kifungu hicho. Malawi ilipiga hatua Januari 2017, Mahakama Kuu yake ilipobatilisha kifungu cha namna hiyo katika kesi ya Mayeso Gwanda, mchuuzi aliyekamatwa akielekea kuuza bidhaa zake. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake, ilhali hajatenda lolote. Naona maoni yale yangestahili kusomwa katika kila kituo cha polisi cha pwani.

Badala yake tuna misako. Februari 2019 iliripotiwa nchi nzima kwamba watu wa mitaani wa Nakuru, wakiwemo watoto, walipakiwa kwenye lori usiku wakatupwa katika msitu wa Chemususu, Baringo. Ninaikumbusha habari hiyo kwa sababu ndiyo mwisho wa njia hii ya kufikiri: kama tatizo ni kuonekana kwa maskini, basi msitu ni suluhisho. Wala si Afrika peke yake. Hungaria ilibadilisha katiba yake mwaka 2018 ili kupiga marufuku kuishi katika maeneo ya umma. Marekani, tarehe 28 Juni 2024, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala nje hata kama haina vitanda vya kutosha vya kuwapa. Faini anayotozwa mtu asiyeweza kulipa kodi haimpi chumba. Inamwongezea deni na rekodi ya mahakama, ambavyo vyote viwili vitamzuia kupangishwa baadaye.

Zipo serikali zilizofanya vingine, na hapo ndipo ningependa tutulie kidogo.

Mwishoni mwa 2008, baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka Marekani, viwanda vya Japani viliwaachisha kazi vibarua wa mikataba ya muda. Wengi wao walikuwa wakilala katika mabweni ya kampuni, kwa hiyo siku ya kupoteza kazi ikawa ndiyo siku ya kupoteza kitanda. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kiraia yalipiga mahema katika bustani ya Hibiya, Tokyo, karibu na wizara inayohusika na kazi na ustawi. Walikuja watu wapatao 500, chakula na mahema yakapungua, na wizara ikalazimika kufungua ukumbi wake ili watu walale ndani. Nchi nzima iliona kwenye televisheni kwamba wasio na makao walikuwa mafundi na wapakizi waliokuwa kazini mwezi uliotangulia. Japani ilikuwa tayari na sheria ya mwaka 2002 ya kuwasaidia wasio na makao wajitegemee, na wale waliohesabiwa wakiishi bustanini na kandokando ya mito walipungua kutoka 25,296 mwaka 2003 hadi 2,820 mwaka 2024. Hesabu hiyo haiwagusi wanaokesha kwenye mikahawa ya intaneti, kwa hiyo tusiichukue kama ushindi kamili. Hata hivyo nawaomba waliowahi kufanya kazi katika hoteli zenye makao ya wafanyakazi waifikirie hali ile, maana hatari yake ni ileile: kazi na kitanda vikiwa mkononi mwa mwajiri mmoja, vyote huondoka siku moja.

Uingereza, nchi hiyohiyo ya sheria ya 1824, Machi 2020 iliziagiza halmashauri zake ziwaingize ndani wote waliokuwa wakilala nje. Hoteli zilizokosa wageni zilikodiwa, na kufikia Januari 2021 watu wapatao 37,000 walikuwa wamepewa malazi ya dharura au kuhamishiwa makao ya muda mrefu zaidi. Wakati huohuo, vitanda kutoka Nyali hadi Shanzu na Diani vilikuwa vitupu, na waliovitandika walikuwa wakifungiwa vyumba kwa deni la miezi miwili. Sisemi kwamba Kenya ilikuwa na fedha za Uingereza. Nasema kwamba hoteli zilikuwepo, wasio na makao walikuwepo, wenye hoteli walikuwa wakitafuta mapato yoyote yale, na hapakuwa na ofisi iliyopewa jukumu la kuwakutanisha.

Marekani nayo ina somo la pande mbili. Mwaka 2009 ilitenga dola bilioni 1.5 kulipia malimbikizo ya kodi na kuwarudisha haraka katika nyumba waliokwisha kutolewa, na katika janga la korona bunge lake liliidhinisha zaidi ya dola bilioni 46 za msaada wa kodi. Watu wengi waliokuwa ukingoni walibaki ndani. Fedha zilipokwisha, kodi zikawa zimepanda, na wahamiaji walipofurika katika miji mikubwa, hesabu ya Januari 2024 ilionyesha watu 771,480 wasio na makao, ongezeko la asilimia 18 kwa mwaka mmoja. Sababu zilikuwa nyingi, lakini msaada wa dharura ulifutwa bila kuachiwa mrithi.

Ufini ndiyo iliyoendelea kwa subira. Tangu 2008 imefuata sera ya kumpa mtu nyumba kwanza, kwa mkataba wake mwenyewe wa upangaji, kisha ndipo ashughulikiwe matibabu, madeni na kazi. Idadi iliyozidi 17,000 mwaka 1987 ilishuka hadi 3,429 mwaka 2023. Kisha, baada ya serikali kupunguza posho ya nyumba na matumizi mengine ya ustawi, idadi ikapanda mwaka 2024 hadi 3,806, ongezeko la kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja. Hata waliofanikiwa kuliko wote hurudi nyuma wakigusa fedha za kodi.

Turudi kwetu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa, na Jedwali la Nne linataja nyumba miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo si kweli kwamba jambo hili ni la Nairobi pekee. Tarehe 11 Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa Mitumba waliovunjiwa makao karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson mwaka 2011, Mahakama ya Juu ilisema kwamba maskini wasio na ardhi waliojijengea makao katika ardhi ya umma hawapati hati miliki, lakini wana haki ya makao inayolindwa na sheria. Mawakili wetu walijifunza mengi katika hilo kutoka kwa kesi ya Irene Grootboom wa Afrika Kusini, aliyedai haki ya makao mahakamani, akashinda mwaka 2000 na kuifanya nchi yake ianzishe mpango wa makao ya dharura mwaka 2004. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi katika kibanda. Hukumu isiyo na bajeti humwacha mtu palepale.

Bajeti yetu imeelekezwa wapi? Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Ni fedha nyingi, na sipingi nyumba kujengwa. Ninachopinga ni kuziita nyumba hizo jibu la tatizo hili, kwa sababu mnunuzi hujiandikisha, huweka amana na kulipa kwa miaka mingi, na anayedaiwa kodi ya miezi miwili Mshomoroni hana hata moja ya uwezo huo. Na hapa mjini, mtaa wa Buxton uliokuwa wa nyumba za kupanga za umma umegeuzwa maghorofa ya kuuzwa. Unapopunguza nyumba za kupanga za bei ya chini na kuongeza za kununua, umeipunguza ngazi vidato vya chini ambavyo maskini hupandia.

Mama wa Majengo

Mwanangu, nimesoma yote na nimekuelewa, lakini umewasahau watu kama mimi. Nina nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, niliyoachiwa na marehemu mume wangu, na ardhi iliyo chini yake si yangu. Naye mwenye ardhi anataka kodi yake. Mwaka ule wa korona wapangaji wangu wanne hawakulipa kwa miezi mingi. Sikumtoa hata mmoja, kwa kuwa niliwajua watoto wao, lakini nililala na njaa. Serikali ikisema mpangaji asitolewe, mimi nitakula nini?

Mwanzilishi wa uzi

Shikamoo mama. Umeleta jambo ambalo lingepaswa kuwa katikati ya uzi huu tangu mwanzo. Mtindo wetu wa nyumba bila ardhi unafanya deni la mpangaji mmoja lipande hadi kwa mwenye nyumba na kisha kwa mwenye ardhi, na kuzuia kufukuzwa bila kulipa fidia ni kuuhamisha umaskini kutoka chumba cha nyuma hadi chumba cha mbele. Ndiyo maana ninasisitiza fedha. Katika mpango wa Marekani niliotaja, malipo mengi yalikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, naye kwa kuyapokea akawa amekubali kumbakisha mpangaji. Kwako ingekuwa hivyo: unathibitisha deni, mpangaji anathibitisha kwamba amepoteza kazi, mzee wa mtaa na ofisi ya wadi wanahakikisha, na fedha zinaingia kwenye simu yako. Njia ya kutuma fedha tunayo. Wazee na walezi wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi kwa njia za namna hiyo.

Kuhusu sheria, ile inayodhibiti kodi za makazi, Sura ya 296, inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani mno, na sehemu kubwa ya wapangaji wa Mombasa wako nje yake. Kirekebishwe kwa namna itakayowalinda wenye vyumba sita kama wewe, maana wewe si sawa na kampuni yenye maghorofa kumi.

Baharia Mstaafu

Ndugu, nakuheshimu, ila hebu tuseme ukweli. Wengi wa wale wa Mwembe Tayari ni mateja, na wengine wametoka kaunti nyingine kabisa. Ukiwapa vyumba hapa, watakuja wengine kutoka kila pembe, na unga hautaondoka. Mimi nimekaa Tudor miaka mingi na nimeibiwa vya kutosha.

Mwanzilishi wa uzi

Mzee wangu, pole kwa uliyopata, na sitakuambia kwamba unga si tatizo. Heroini imeharibu nyumba nyingi za pwani, zikiwemo nyumba za watu tunaowafahamu. Lakini angalia mfuatano wa mambo. Wapo waliotoka nyumbani kwa sababu ya unga, na wapo waliouonja unga baada ya kulala nje, ili wastahimili baridi, mbu na vipigo. Kwa wote wawili, kliniki ya methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini, humtaka mgonjwa afike kila siku, na mtu anayefukuzwa kila usiku kutoka baraza moja hadi nyingine hawezi kushika ratiba hiyo. Ufini ilianza na nyumba kwa sababu hiyohiyo: matibabu yanahitaji anwani.

Na kuhusu waliotoka kaunti nyingine, bandari hii imejengwa na watu waliotoka kwingine tangu enzi za majahazi. Wengi wa hao wamefanya kazi hapa na kulipa kodi hapa kabla ya kuanguka. Mpango ninaoutetea unamhusu mpangaji aliyekwisha kuwa na chumba Mombasa, kwa hiyo hauna cha kumvuta asiye hapa. Kwa walioko mitaani tayari upo mfuko wa kitaifa wa kurekebisha maisha ya familia za mitaani, ulioanzishwa mwaka 2003, na ni haki yetu kuuliza fedha zake zinafika Mombasa kwa kiasi gani, ikiwa tulikuwa wa pili nchini katika sensa.

Mpangaji wa Mtopanga

Kaka, mimi nilifanya Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua wakati wa korona, mwaka 2020. Tulizibua mitaro, tukafagia, tukalipwa shilingi 455 kwa siku katika awamu ya pili. Malipo yalichelewa, lakini ndiyo yaliyoniweka chumbani. Je, huo si mfano mzuri kuliko msaada wa kodi?

Mwanzilishi wa uzi

Ni mfano mzuri sana, ndugu yangu, na nashukuru umeuleta wewe uliyeshika koleo mwenyewe. Mpango ule ulifikia vijana zaidi ya 270,000 nchini katika awamu hiyo, na ni ushahidi kwamba serikali ikitaka inaweza kuwatafuta watu mtaani kwao na kuwalipa. Ulikuwa na upungufu wa aina mbili: uliwalenga vijana, ukamwacha mpishi wa miaka 50 na mama mwenye mtoto mchanga; na ulichelewesha malipo, ilhali mwenye nyumba anataka tarehe tano. Kazi za umma na msaada wa kodi vinafaa kwenda pamoja, cha kwanza kwa anayeweza kufanya kazi, cha pili kwa dharura ya mwezi husika.

Kwa wanaojiuliza pa kuanzia, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inaitaka kaunti kuwasilisha waraka wa mwelekeo wa bajeti katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari kila mwaka, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni ya wananchi husikilizwa kabla ya hapo, na mikutano hiyo mara nyingi huwa na viti vitupu. Napendekeza tuombe mambo matatu tu: fungu la msaada wa kodi lenye masharti yaliyoandikwa, linalofunguka wakati wowote sekta ya bandari au utalii inapopunguza wafanyakazi kwa wingi, mkataba wa mapema na wenye hoteli ndogo na nyumba za wageni kuhusu bei ya vyumba wakati wa dharura, na agizo kwa askari wa kaunti kwamba asiye na makao apelekwe kwa afisa wa ustawi badala ya seli. Nitaweka rasimu hapa kabla ya mwisho wa juma. Kwa sasa, kila mmoja aandike kodi ya chumba kimoja katika wadi yake, hasa walioko Jomvu, Likoni na Kisauni, kwa sababu bila bei hizo hatuwezi kukadiria ukubwa wa fungu hilo.